INI LA MAABARA LINATUHUSU HATA SISI WA KIMILILI

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Nimeishika kalamu kwa sababu nina deni. Mwenye deni sharti alipe, nami nataka kulilipa hapa, mbele ya wasomaji wote wa jarida letu.

Deni lenyewe ni hili. Muhula uliopita, katika mkutano wa chama wa siku ya Ijumaa, nilisimama nikaanza kueleza habari niliyoisoma maktabani. Nilisema kwamba kuna wataalamu wanaokuza seli za ini la binadamu nje ya mwili, juu ya kiunzi kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki. Kabla sijamaliza, mwenzangu mmoja aliyeketi nyuma akapaza sauti: "Aah! Hayo ni mambo ya wazungu, bwana. Sisi tuna mahindi ya kuanika!" Darasa zima likaangua kicheko. Hata mlezi wa chama alitabasamu. Mimi nikaketi kitako, nikanyamaza kama maji mtungini.

Leo ninajibu. Nasema ini la maabara linatuhusu sisi wa Kimilili, tena linatuhusu kwa ajili ya hayo hayo mahindi.

Hebu kwanza nikusimulie habari za khocha. Khocha wangu, ndugu wa pekee wa mama, alikuwa fundi wa baiskeli hapa sokoni. Alikuwa mtu wa mizaha, kifua kipana, mikono myeusi kwa grisi. Mimi nililelewa kwa kukhu, kwa hivyo khocha ndiye niliyemjua kama baba. Nilipokuwa darasa la saba, alianza kukonda mikono na mashavu huku tumbo likifura. Macho yake yakawa manjano kama kiini cha yai. Mwishowe hakuweza hata kuinama kuziba pancha. Alipelekwa hospitalini, akatolewa maji tumboni, yakarudi. Akatolewa tena, yakarudi. Kukhu aliambiwa, "Mama, ini limekuwa gumu, halifanyi kazi." Kukhu akauliza, "Kwa nini?" Akajibiwa kwamba sababu zaweza kuwa nyingi.

Sababu nyingi, kwa mtu aliyefiwa, ni sawa na kukosa sababu. Matangani watu wakaitafuta sababu moja, na wakaipata. Walimtaja mama mmoja jirani, mjane, ambaye khocha aliwahi kuzozana naye juu ya mpaka wa shamba. "Tumbo halifuri hivihivi tu," wakasema. "Huyo ndiye aliyemtengeneza." Vijana wakataka kwenda kwake usiku ule, na kama si mzee wa mtaa kusimama mlangoni, sijui kungetokea nini. Hadi leo hii mama huyo hupita njia ya mbali akienda kisimani ili asikatize kwetu.

Waswahili husema mtu akikuumiza kwa maneno amekukata maini. Walijua kwamba ini ni kiungo kikubwa, na kweli ni kikubwa. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, nalo limejificha upande wa kuume chini ya mbavu. Chakula kikishameng'enywa, damu inayotoka matumboni hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Ini hukagua. Sukari inayozidi huiweka akiba, sumu huivunjavunja, na hutengeneza nyongo pamoja na protini zinazogandisha damu ukijikata. Ni kama yule karani wa ghala ambaye hakuna gunia linaloingia wala kutoka bila kupita mkononi mwake. Karani huyo akiugua, ghala zima huoza.

Tena ini lina ajabu moja: huota upya. Mtu mzima aweza kukatwa zaidi ya nusu ya ini lake apewe mgonjwa, na baada ya miezi michache lililobaki likakua karibu kufikia ukubwa wake wa kwanza. Sasa ukisikia hivyo utauliza, kama lina nguvu za namna hiyo, mbona kulikuza maabarani ni kazi? Hapo ndipo pana utamu wa jambo hili.

Seli za ini hazipendi upweke. Ukizitoa mwilini ukazilaza juu ya kisahani bapa cha plastiki, hazifi mara moja, lakini baada ya siku chache husahau kazi yake. Huacha kutengeneza protini zake, huacha kuvunja sumu, hujilaza tu kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Mwilini zilizoea kuzungukwa na wenzake juu, chini na kandokando, damu ikipita karibu sana, umbali usiofika hata nusu milimita. Zinataka nyumba. Na nyumba haijengwi bila kiunzi.

Msomaji, wewe umeona nyumba ya udongo ikijengwa. Kwanza husimamishwa nguzo, kisha fito hufungwa huku na huku, ndipo watu hukusanyika kukandika. Ukirusha udongo hewani bila fito utaanguka chini uwe rundo. Basi wataalamu wanafanya vivyo hivyo, ila fito zao ni nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na udongo wao ni seli hai. Huiyeyusha ile plastiki kwanza, wakaitia katika sindano, wakaipitishia umeme wa maelfu ya volti. Umeme huivuta ikatoka kama uzi wa buibui, hukauka hewani, ikaanguka na kujifuma kama pamba. Kati ya nyuzi hizo huwa pana matundu ambayo seli hukaa na kushikana, nayo maji ya chakula na hewa hupita.

Plastiki yenyewe si ile ya mifuko ya sokoni iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017. Mojawapo huitwa polikaprolaktoni. Huyeyuka kwenye joto la digrii 60 hivi, hata maji ya ugali hayajachemka, na ikiwekwa mwilini huliwa polepole hadi ikaisha. Si jambo geni sana. Tangu miaka ya 1970 madaktari wanashona vidonda kwa nyuzi za jamaa za plastiki hizi, ambazo huyeyuka zenyewe bila kutolewa. Yaani, tofauti na nyumba yetu ya udongo, hapa fito huondoka zikaacha ukuta umesimama.

Wazo hili lilitoka wapi? Huko Boston, Marekani, alikuwapo daktari wa upasuaji wa watoto, Joseph Vacanti. Alichoka kuona watoto wakifa wakingojea ini la kupandikizwa, kwa kuwa mwenye kutoa ni wachache. Akamwendea mhandisi wa kemikali, Robert Langer, wakashirikiana. Mwaka 1988 walieleza jinsi ya kupanda seli juu ya plastiki inayoyeyuka, na mwaka 1993 wakaandika makala iliyoieneza elimu hii duniani kote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, walitangaza kwamba walikuza seli za ini la binadamu kutokana na seli shina, wakazitia katika kiunzi cha nyuzi za polikaprolaktoni chenye upana wa kama sentimita moja, wakakipandikiza chini ya ngozi ya panya. Mishipa ya damu ikaota ndani ya kiunzi. Protini za ini la binadamu zikaonekana katika damu ya panya. Na panya waliokuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi wakapoteza uzito kidogo kuliko wenzao wasiopewa seli hizo, na sumu iliyorundikana katika damu yao ikawa kidogo zaidi.

Ngoja, usishangilie bado. Sentimita moja ndani ya panya si kilo moja na nusu ndani ya mtu. Ini zima la kumpandikizia mtu kama khocha halijajengwa juu ya nyuzi hizo mahali popote. Mtu akikuambia lipo dukani, anakudanganya mchana kweupe. Lakini wenzangu waliocheka walidhani kazi ya kiunzi ni hiyo moja tu, ya kupandikiza. La! Kuna kazi nyingine iliyo karibu zaidi, na ndiyo inayonifanya nipige kelele. Kazi hiyo ni kuonja.

Zamani, wafalme waliogopa kulishwa sumu, basi chakula kilionjwa na mtumishi kwanza. Dawa nazo huonjwa kwanza na wanyama. Shida ni kwamba ini la panya si ini la mtu. Mwaka 1993, mwaka ule ule wa makala ya Boston, huko Marekani wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walijitolea kujaribu dawa mpya iitwayo fialuridini. Dawa hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa panya, mbwa na nyani, na maini ya wanyama hao hayakuonyesha neno. Kumbe! Wagonjwa saba maini yao yaliharibika kabisa. Watano wakafa, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa maini mengine. Mwaka 2014 watafiti walipompa dawa ile ile panya aliyewekewa seli za ini la binadamu, hatari ilionekana waziwazi. Wale watu watano wangeponea hapo.

Sasa tazama: ugonjwa wa wale wagonjwa ulikuwa homa ya ini aina ya B. Na homa hiyo ni ya kwetu pia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nayo, na Afrika ni mojawapo ya sehemu zenye mzigo mkubwa. Sisi wanafunzi tumebahatika. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Lakini mama yako hakuchanjwa. Mwalimu wako huenda hakuchanjwa. Khocha hakuchanjwa.

Na sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema chamani. Kila mwaka mavuno yakija, Oktoba na Novemba, mvua huwa haijaisha vizuri hapa chini ya Mlima Elgon. Tulikuwa tunaanika mahindi uani, wingu likitanda tunakimbia kuyakusanya, mengine yananyeshewa. Kazi yangu ilikuwa kuchagua. Mazuri niliyatia guniani. Yale yaliyoota ukungu wa kijani niliyatia kwenye karai. Nilipotaka kuyatupa kukhu alinikemea: "Wewe mtoto, usitupe chakula. Hayo ni ya busaa na ya kuku." Na busaa hiyo khocha aliinywa kila Jumapili, akinisifu kwamba najua kuchagua.

Kuvu wa namna hiyo waweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Haina harufu, haina ladha, na moto wa kupikia hauiui. Haifi kwenye ugali, haifi kwenye pombe, na ng'ombe akila mahindi hayo hupenya hadi kwenye maziwa. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika iliwashika watu 317, wakafa 125, kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hao ni walioila nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo miaka na miaka huwa katika hatari ya saratani ya ini. Na kama tayari ana homa ya ini aina ya B, hatari hizo mbili hazijumlishwi, huzidishana.

Sisemi busaa ya kukhu ndiyo iliyomuua khocha. Hakuna aliyepima damu yake kutafuta homa ile, hakuna aliyepima mahindi yetu. Huenda ni hiki, huenda ni kile, huenda ni chang'aa aliyokuwa akiinywa kwa siri. Ninalolijua ni moja: mama jirani hakumtia khocha kitu tumboni. Tulimkata maini mtu asiye na hatia kwa sababu hatukuwa na cha kupimia.

Basi ndiyo maana nasema habari hii inatuhusu. Kile kipande kidogo cha nyuzi na seli kinaweza kuulizwa maswali yetu. Je, sumu ya mahindi ikikutana na virusi vya homa ya ini ndani ya seli ya binadamu, hufanya nini hasa, na kwa kipimo gani? Je, miti shamba tunayouziwa sokoni siku ya gulio, ambayo mwenye kuuza hudai inasafisha ini, inalisafisha au inalimaliza? Lakini kiunzi hakijiulizi chenyewe. Huulizwa na aliyesimama mezani pa maabara. Kama aliyesimama pale hajawahi kuchagua mahindi yenye ukungu, atauliza maswali ya kwao, na hatuwezi kumlaumu. Mgeni hakujui panapokuwasha.

Najua mtaniambia, "Haya ni kuingilia kazi ya Mungu." Jambo hili ni zito, silidharau. Wengi huudhika wakisikia kwamba baadhi ya seli shina hutoka katika viinitete. Lakini mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwa seli za panya, na mwaka uliofuata kwa seli za binadamu, kwamba seli ya kawaida, hata ya ngozi, yaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Watafiti wa Edinburgh walitumia seli za aina zote mbili. Njia isiyogusa kiinitete ipo. Na kama kumshona mtu kwa uzi unaoyeyuka si dhambi, sioni dhambi ya kuufuma uzi huo uwe kitanda cha seli.

Mtaniambia tena, "Ni mambo ya wazungu." Hapo nitawauliza, mbegu mnazopanda zilitoka wapi? Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 1964 ilitolewa mbegu chotara ya H611, iliyozalishwa hapa jirani Kitale kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Je, kukhu alisema ni mambo ya watu wa Ecuador? Alipanda, akavuna, akasomesha watoto. Elimu haina kabila. Ikifanyiwa kazi karibu nawe kwa shida zako, huwa yako. Iliyowezekana Kitale kwa mbegu yaweza kuwezekana Kitale au Bungoma kwa seli, mradi wawepo watoto wa hapa wanaojua kemia, biolojia na hesabu, na wanaojua pia kuwaeleza wakukhu zao kwa lugha wanayoielewa. Hiyo ya mwisho ni kazi ya chama chetu.

Hata hivyo, mwenzangu aliyenicheka alikuwa na ukweli nusu, nami simnyimi haki yake. Kweli tuna mahindi ya kuanika! Asubiriye ini la maabara huku akila ukungu ni kama anayenunua jeneza kabla ya mwavuli. Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, tusianike juu ya udongo mtupu. Turubai au hata magunia yaliyoshonwa pamoja yatatosha, na mahindi yasiingie ghalani kabla hayajakauka. Kipimo kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Pili, yaliyoota ukungu yasipewe mtu, kuku wala ng'ombe, na yasigeuzwe busaa. Tatu, kila mmoja wetu akienda likizo awaulize wazazi wake kama wamewahi kupimwa homa ya ini aina ya B, kwa maana aliyeambukizwa ana dawa za kuituliza, na ambaye hajaambukizwa anaweza kuchanjwa hata akiwa mtu mzima.

Likizo iliyopita nilimfanyia kukhu ile hila ya chupa na chumvi. Chumvi ikaganda. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, kwani hii chupa ilikuwa wapi siku zile?" Sikuwa na jibu. Tuliyarudisha mahindi juani, na yale ya ukungu tukayafukia shimoni nyuma ya choo. Halafu kukhu akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Kesho twende kwa yule mama. Tumbebee na chupa."

Tulienda. Yaliyosemwa huko si ya kuandikwa jaridani. Ila nitasema hivi, siku hizi anapita njia ya karibu akienda kisimani.

Deni nimelipa. Mwenzangu uliyeketi nyuma, nakukaribisha Ijumaa ijayo. Njoo na chupa kavu, chumvi nitaleta mimi.

Wasalaam.